Maji kwenye besimenti ya nyumba ya zamani: jinsi ya kuweka mtaro wa kokoto wa ndani

Theluji ikianza kuyeyuka mwezi wa Machi, simu nazo huanza kuita. Mtu amenunua nyumba yake ya kwanza huku Marekani, Louisville, Columbus, Grand Rapids au Des Moines. Nyumba ni ya mwaka 1925 au 1948, bei ilimpendeza, na ripoti ya ukaguzi ilisema tu kwamba kuna dalili za unyevu. Mvua inanyesha siku mbili mfululizo, anashuka ngazi za besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, anakuta masanduku yamelowa na harufu ya kuvu imejaa. Maswali ni yale yale: nipake rangi gani? Nichimbe nje au ndani? Hii French drain wanayoitaja wauzaji ni kitu gani, na je, naweza kuiweka mwenyewe?

Unaweza, ikiwa ukuta wako ni mzima, una wasaidizi wawili wenye nguvu na uko tayari kutoa wikendi kadhaa. French drain ni mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu ndani yake. Nitaeleza ule wa ndani, yaani unaochimbwa chini ya sakafu kandokando ya ukuta na kupeleka maji kwenye shimo lenye pampu. Huo ndio unaozifaa nyumba nyingi za umri huu. Wa nje nitaugusa kwa kifupi baadaye.

Kwanza suala la rangi. Sote tumekua tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye besimenti ushauri huo ndio unaowaponza wengi. Wanaziba ufa kwa saruji, wanapaka rangi ya kuzuia maji, msimu unaofuata maji yanatokea futi tatu pembeni na rangi imevimba na kubanduka. Udongo ulioshiba maji unasukuma. Ukiziba njia moja, maji yanatafuta nyingine, na penye udhaifu mkubwa ni pale sakafu inapokutana na ukuta, kwa kuwa zege la sakafu lilimwagwa baadaye na halikushikana na ukuta. Mtaro hauzibi kitu. Unayapa maji njia rahisi zaidi iliyo chini ya sakafu, yakaondoka kabla hayajapanda. Nadharia yote ndiyo hiyo.

JUA KWANZA MAJI YANATOKA WAPI

Usinunue chochote kabla ya hatua hii. Paa lenye futi za mraba 1,000 likipata mvua ya inchi moja linamwaga galoni zaidi ya 600, karibu lita 2,360. Maji hayo yakishukia kwenye kona ya nyumba, yataingia hata ukiwa na mtaro mzuri kiasi gani. Basi safisha gata zote, ile mifereji ya kukinga maji ya paa. Refusha mabomba ya gata yamwage angalau futi 6 kutoka ukutani. Futi 10 ni bora zaidi. Tazama udongo unaozunguka nyumba: unatakiwa kushuka inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Kwenye nyumba za zamani udongo huo mara nyingi umetitia, na pengine hata njia ya saruji ya mlango wa nyuma imeinamia nyumba. Jaza udongo wa mfinyanzi, ushindilie, lakini acha inchi 6 hivi za msingi zionekane ili mbao za ukuta zisiguse udongo.

Halafu subiri mvua kubwa mbili au tatu. Wengine kazi yao huishia hapa, na ninakuombea uwe mmoja wao.

Kama bado maji yanaingia, yaangalie vizuri:

- Yanaingia dakika chache tu baada ya mvua kuanza, sehemu moja, juu ukutani au chini ya dirisha. Hayo ni maji ya juu ya ardhi. Rudi nje ukarekebishe gata, mteremko au shimo la dirisha, yaani lile lililochimbwa nje mbele ya dirisha la besimenti.

- Yanakuja saa kadhaa au siku moja baada ya mvua, yanachuruzika kwenye mshono wa sakafu na ukuta au yanapanda kwenye nyufa za sakafu. Haya ni maji ya ardhini, na mtaro wa ndani ndiyo dawa yake.

- Ukuta unalowa wakati wa joto kali hata bila mvua. Bandika kipande cha plastiki ukutani, funga kingo zote kwa gundi ya utepe, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa, na unahitaji mashine ya kukausha hewa. Yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanapenya ukutani.

- Yanatoka kwenye tundu la sakafuni, machafu na yenye harufu. Hayo ni majitaka yanayorudi. Mtaro hauyahusu; mwite fundi bomba akuwekee vali ya kuzuia majitaka yasirudi.

Unga mweupe ukutani si kuvu. Ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyopita ndani ya ukuta, nao unakuonyesha maji yamefika usawa gani.

USIFANYE MWENYEWE IKIWA

Ukuta wa bloku una ufa wa mlalo katikati, au umebinukia ndani. Huo unasukumwa na udongo, na sakafu unayotaka kuikata ndiyo inayoushikilia kwa chini. Vilevile msingi wa mawe yaliyopangwa kwa chokaa, ambao uko kwenye nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1910 au karibu na hapo: mara nyingi hauna kitako cha zege (zege pana la kubeba ukuta), umekalia udongo mtupu, na ukichimba kando yake unaondoa udongo huo unaoubeba. Katika hali hizi mlipe mhandisi wa majengo anayejitegemea aje aangalie. Usianze na kampuni inayouza mitaro, kwa sababu anayekuja kukagua bure amekuja kuuza, na atakachokiona ni kile alicho nacho kwenye gari.

UNACHOHITAJI

Hesabu hizi ni za ukuta mmoja wa futi 30. Ongeza au punguza kulingana na wako.

- Bomba gumu la PVC la inchi 4 lenye matundu, pamoja na viungo vyake vya kona (elbo) na vya njia tatu (tii). Liache lile jeusi linalokunjika. Linashikilia tope kwenye makunyanzi yake, linabonyea, na haliwezi kunyooshwa kwenye mteremko wa kweli.
- Kokoto za robo tatu ya inchi zilizooshwa, yadi moja ya ujazo. Sisitiza neno zilizooshwa. Kokoto zenye vumbi zitaziba mtaro.
- Kitambaa cha kuchujia kisichofumwa, kinachofanana na blanketi jembamba. Kile cheusi kilichofumwa cha kuzuia magugu bustanini hakifai hapa.
- Pipa la shimo la pampu, upana inchi 18 na kina inchi 24, lenye kifuniko kinachobana.
- Pampu ya kuzama ya hospawa 1/3, yenye mwili wa chuma. Kama maji yako ni mengi sana, chukua 1/2.
- Bomba la PVC la inchi moja na nusu la kutolea maji, vali ya njia moja, elbo, kisafishio na gundi ya PVC.
- Karatasi ngumu ya plastiki yenye vinundu, ya kusimamishwa chini ya ukuta.
- Zege la mifuko. Mfuko wa pauni 80 hutoa futi za ujazo 0.6. Mtaro wa futi 30 kwa futi 1 kwa unene wa inchi 4 ni futi za ujazo 10, yaani mifuko 17. Nunua 19.
- Vya kukodi: nyundo ya umeme ya kuvunjia zege, na msumeno wa zege wa umeme unaotumia maji.
- Drili ya nyundo, mtaimbo, tindo, koleo fupi, pimamaji ndefu, uzi, mwiko, na ndoo nyingi imara.
- Barakoa ya P100 (ile ya kuchuja vumbi laini), miwani ya kinga, vizibo vya masikio, glavu na buti.

Pangeni mapema kifusi kitapelekwa wapi. Kitazidi yadi moja ya ujazo, ni zaidi ya tani moja, na chote kitapanda ngazi kwa ndoo. Usijaze ndoo mpaka juu. Nusu ndoo ya kifusi inatosha mgongo wa mtu mzima.

KABLA YA KUVUNJA SAKAFU

Uliza ofisi ya majengo ya jiji lako kama kazi hii inahitaji kibali. Miji mingi inataka kibali cha umeme au cha bomba kwa ajili ya pampu. Uliza pia maji ya pampu yanaruhusiwa kumwagwa wapi.

Tafuta bomba la majitaka. Katika nyumba hizi huwa la chuma au la udongo wa kuchoma, na linapita chini ya sakafu hiyo hiyo. Angalia bomba kubwa la wima linashukia wapi, choo na tundu la sakafuni viko wapi, na uchore mstari kati yao. Ukichimba nje, piga simu 811 siku kadhaa kabla. Ni bure, na watakuja kuweka alama za gesi, umeme na maji. Lakini 811 hawaingii ndani ya nyumba.

Chunguza vigae. Vile vidogo vya inchi 9 kwa 9, na gundi nyeusi iliyo chini yake, mara nyingi vina asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Usivikate wala kuvikwangua kabla ya kupeleka kipande maabara. Rangi ya kabla ya 1978 ichukulie kuwa ina madini ya risasi (lead) hadi kipimo kiseme vinginevyo, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Pima radoni. Ni gesi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na husababisha saratani ya mapafu. Marekani kiwango cha kuchukua hatua ni pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. Unapima sasa, na utapima tena ukimaliza, kwa sababu shimo la pampu lisilofunikwa vizuri ni mlango wazi wa gesi hiyo.

Chagua msimu. Agosti hadi Oktoba ardhi imekauka zaidi na haisukumi ukuta. Machi ni mwezi wa kuumia, si wa kuchimba.

HATUA ZA KAZI

1. Chagua mahali pa shimo na uchore njia. Shimo liwe kwenye kona ya chini zaidi, karibu na soketi ya umeme, na karibu na ukuta ambao maji yatatokea nje. Bomba linahitaji mteremko wa 1/8 ya inchi kwa kila futi. Piga hesabu hapa kabla ya kugusa kitu: futi 40 zinataka kushuka inchi 5, na kitako cha msingi huenda kina unene wa inchi 8 tu. Kina chako kitaisha njiani. Dawa ni kuweka shimo katikati ya njia, mabomba mawili yakutane hapo, kila moja futi 20 na kushuka inchi mbili na nusu. Wengi hugundua hili wakiwa wameshavunja sakafu.

2. Zuia vumbi. Funga plastiki kwenye mlango wa ngazi na uzime mfumo wa joto na hewa, usije ukasambaza vumbi la zege vyumba vyote. Vumbi hilo lina silika, inayoharibu mapafu kabisa. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Na usiingize msumeno wa petroli kwenye besimenti hata kwa dakika tano, hata madirisha yakiwa wazi. Moshi wake unaua, na mtu hupoteza fahamu kabla hajajua.

3. Kata mstari sambamba na ukuta, inchi 12 kutoka ukutani, huku maji yakimwagika kwenye meno ya msumeno. Zege la sakafu hizi kwa kawaida ni inchi 3 au 4, ila kwenye nyumba za kabla ya 1930 unaweza kukuta inchi 2 tu. Kata kidogo kidogo.

4. Vunja vipande na uvitoe. Anzia mbali na ukuta ukielekea ukutani, na usiipige nyundo ya umeme kwenye ukuta wenyewe. Kama ukuta ni wa bloku, fanya upande mmoja wa nyumba, umalize na umwage zege, ndipo uhamie mwingine. Nimesema sakafu inashikilia ukuta kwa chini. Usiiondoe pande zote nne kwa pamoja, wala usiache mtaro wazi wiki nzima huku mvua imetabiriwa.

5. Chimba mtaro. Utakutana na kitako cha msingi, lile zege pana ambalo ukuta umelikalia. Chimba kando yake, na usishuke chini ya usawa wa chini wa kitako hicho. Sheria hii haina msamaha. Udongo ulio chini ya kitako ndio umebeba nyumba, na ukilegea, ukuta unashuka. Pima kina kwa uzi na pimamaji kila futi nne au tano, usikadirie kwa macho.

6. Chimba shimo la pampu. Liwe pana kidogo kuliko pipa, na lenyewe litashuka kuliko mtaro, kwa hiyo lisogeze angalau futi moja na nusu kutoka kwenye kitako. Weka inchi 4 za kokoto chini, kisha pipa. Mdomo wa pipa uwe sawa na uso wa sakafu ya baadaye. Kama maji yanajaa shimo unapochimba, pampu uliyonunua inaweza kuwekwa kwenye ndoo iliyotobolewa iyatoe wakati mnafanya kazi.

7. Toboa bloku. Kwenye safu ya chini kabisa ya ukuta wa bloku, toboa tundu la nusu inchi kwa kila uwazi wa bloku, karibu na chini iwezekanavyo. Jiandae: maji yaliyokaa humo miaka mingi yatatoka kwa nguvu, yakiwa meusi. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanashangaa ukuta kubaki na unyevu ilhali sakafu imekauka. Ukuta wa zege la kumwaga hauhitaji.

8. Tandika kitambaa na kokoto. Kitambaa kifunike chini na upande wa udongo wa chumbani, kibaki kirefu cha kukunjia juu baadaye. Upande wa ukuta uache wazi ili maji ya kwenye bloku yaingie bila kizuizi. Mwaga inchi 2 za kokoto na uzisawazishe kwa mteremko wako.

9. Laza bomba, matundu yakitazama chini. Hili ndilo linalobishaniwa kuliko yote, kwa hiyo nalieleza. Maji yanapanda kutoka chini. Matundu yakiwa chini, maji yanaingia yakiwa bado na kina kidogo. Yakiwa juu, lazima mtaro ujae karibu wote kwanza, na usawa huo unaweza kuwa tayari umefika sakafuni. Bomba lenye mistari miwili ya matundu lilaze ili mistari iwe penye namba 4 na namba 8 za uso wa saa ya mshale. Kila kona na kila mwisho wa mbali weka tii yenye kipande cha wima kinachofika usawa wa sakafu, kikiwa na kifuniko. Hapo ndipo utakapoingiza mpira wa maji kusafisha siku za usoni. Hakikisha mteremko kwa pimamaji, bomba zima, kabla ya kufunika.

10. Jaza kokoto kuzunguka na juu ya bomba mpaka inchi 4 chini ya uso wa sakafu. Kunja kitambaa kifunike juu. Simamisha ile plastiki yenye vinundu ukutani, mguu wake ukiingia kwenye kokoto na kichwa kikizidi sakafu kwa inchi chache. Vinundu ndivyo vinavyoacha nafasi ya maji ya ukutani kushuka mtaroni.

11. Funga pampu. Ingiza bomba la mtaro kwenye pipa, likate lisitokeze sana. Iweke pampu kwenye tofali au bamba gumu ili isinyonye tope, na hakikisha boya linapanda na kushuka bila kugusa ukuta wa pipa wala waya. Boya liwashe pampu kabla maji hayajafika kwenye mdomo wa bomba linaloingia. Funga bomba la kutolea, na juu yake vali ya njia moja, mshale ukitazama juu. Kati ya pampu na vali toboa katundu ka 1/8 ya inchi, kakielekea chini, ndani ya pipa. Bila hako, hewa inaweza kunaswa na pampu ikaunguruma bila kusukuma kitu.

Umeme uwe wa soketi yenye kinga ya kukata umeme palipo na maji, na yenye waya wa ardhi. Nyumba nyingi za zamani soketi zake hazina waya huo. Usitumie waya wa kuongezea. Mlipe fundi umeme mwenye leseni kwa kipande hiki.

12. Toa bomba nje. Kwa kawaida linapitia kwenye ubao uliokaa juu ya msingi, si kwenye msingi wenyewe. Nje literemke na kumwaga futi 10 au zaidi kutoka kwenye nyumba, yasirudi kwako wala yasiende kwa jirani. Kamwe usiliunganishe na bomba la majitaka au tundu la sakafuni. Miji inakataza, kwa kuwa mvua ikiwa kubwa mabomba ya majitaka hujaa na kurudi kwenye besimenti za mtaa mzima. Usimwage pia kwenye njia ya watembea kwa miguu, maana Januari patakuwa barafu na mtu ataanguka.

13. Jaribu kabla ya kufunika. Mwaga maji kwa mpira upande wa mbali kabisa wa mtaro, dakika 15 hadi 20. Yatazame yakifika kwenye pipa, pampu ikiwaka, ikizima, na vali ikizuia yasirudi. Popote yanapotuama, mteremko umekosewa. Ondoa kokoto ulirekebishe sasa hivi. Kesho kutakuwa na zege juu yake.

14. Mwaga zege, inchi 3 hadi 4, sawazisha kwa mwiko lilingane na sakafu ya zamani. Lisizibe nafasi iliyo nyuma ya plastiki yenye vinundu. Kifuniko cha pipa kibane na ukizibe kingo kwa silikoni, kwa ajili ya radoni. Acha siku kadhaa kabla ya kuweka vitu vizito, na subiri mwezi kabla ya kufikiria zulia.

KUHUSU MTARO WA NJE

Kuna aina mbili, na watu huzichanganya. Mmoja unachimbwa mpaka kwenye kitako cha msingi kwa nje, futi 7 au 8 chini. Huo ni mzuri, lakini usiuguse mwenyewe. Yadi moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa gari dogo, na handaki likibomoka hakuna muda wa kutoka. Kanuni za usalama kazini Marekani zinataka kinga ya kuzuia udongo kuanzia kina cha futi 5, na wachimbaji wazoefu hufa kila mwaka kwa kuipuuza.

Mwingine ni mfupi, wa kina cha inchi 18 hadi 24, uwanjani, upande wa juu wa mteremko, kukatiza maji yanayoteremka kuelekea nyumba. Huu unaweza. Vifaa na mteremko ni vile vile, ila kitambaa kizunguke kokoto zote, na mwisho wake utokeze mahali pa chini kuliko nyumba. Uweke mbali na ukuta, futi 10 ikiwezekana. Ukiuchimba ukigusa ukuta wa besimenti, umechimba kisima cha kuleta maji pale pale usipoyataka.

IKIGOMA

Pampu inawaka na kuzima kila dakika. Kwanza angalia vali ya njia moja. Ikivuja, maji yale yale yanarudi na kupandishwa tena. Kisha tazama bomba linamwaga wapi. Kama ni karibu na ukuta, unazungusha maji ya jana.

Pampu inaunguruma lakini maji hayatoki. Hewa imenaswa, bomba limeganda, au kokoto imeingia kwenye panga za pampu. Chomoa umeme kabla ya kuingiza mkono. Kwa tatizo la kuganda, acha mwanya wa dharura kwenye bomba pale linapotoka ukutani, maji yapate pa kumwagika mwisho wa mbali ukiziba kwa barafu.

Pipa ni kavu huku sakafu imelowa. Mtaro umeziba au mteremko umerudi nyuma. Fungua kifuniko cha kusafishia na uingize mpira wa maji.

Kuna ute wa rangi ya machungwa kwenye pipa. Ni bakteria wanaokula chuma kilichomo majini. Hawadhuru afya, lakini wanaziba matundu. Safisha bomba kwa maji ya nguvu mara mbili kwa mwaka, na usifunge kitambaa moja kwa moja kwenye bomba katika udongo wa aina hii.

Ukuta umekauka chini, juu bado una unyevu. Maji hayo ni ya juu ya ardhi, rudi kwenye gata na mteremko.

Umeme unakatika wakati wa dhoruba. Ndiyo saa pampu inapohitajika zaidi, kwa hiyo weka pampu ya pili ya betri kwenye pipa hilo hilo, boya lake likiwa juu kidogo ya lile la kwanza. Soma pia bima yako. Sera ya kawaida ya nyumba hailipi maji yanayopenya kutoka ardhini, na pampu ikishindwa kazi mara nyingi hulipwi mpaka uwe umeongeza kipengele chake. Kiulize kwa jina na ukipate kwa maandishi.

Kipimo cha radoni kimepanda baada ya kazi. Angalia silikoni ya kifuniko, tundu la waya na la bomba, na vifuniko vya kusafishia. Kikibaki juu ya 4, mwite fundi wa radoni. Mara nyingi huunganisha feni yake kwenye pipa hilo la pampu, na mtaro uliouchimba unamsaidia kuvuta gesi chini ya sakafu yote.